Kabla hujapanda ndege ya Oslo

Mwanangu mpenzi,

Kaka yako kanipigia jana usiku kwamba viza imetoka. Nimemshukuru Mungu, ila usingizi haukuja tena. Baridi hainisumbui, koti utanunua. Ninachohofia ni kwamba utakaa huko chuo kikuu ukiandika makala juu ya DHIS2, ule mfumo wenu wa kompyuta wa takwimu za afya, na hutaketi tena na mtu anayejaza vitabu vya MTUHA, hivi tunavyoandikia taarifa za huduma zahanati.

Najua utanijibu kuwa utafiti wenu hauko hivyo. Ulinieleza kazi hiyo ilivyoanzia Afrika Kusini mwaka 1994, watafiti wakiwa wilayani pamoja na wahudumu wa afya. Ukanieleza na habari za Kristen Nygaard, yule mtaalamu wa kompyuta aliyefanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma huko Norwe miaka ya 1970, ili nao wawe na kauli juu ya kompyuta zilizoletwa kazini kwao. Huyo mfuate. Lakini ulipokuja kwenye mafunzo wilayani ulikaa meza ya mbele na wakubwa, na mhudumu wetu aliyetoka huku na ripoti mkobani ukaishia kumsalimia tu. Liliniuma.

Fikiria ile sifuri. Mwisho wa mwezi napitia kitabu cha wazazi mstari kwa mstari, na kwenye vifo vya akina mama naandika 0. Hiyo 0 nimeitolea jasho: nimetazama, hakuna aliyefariki. Pakiachwa wazi, maana yake huenda hakuna aliyetazama. Wewe ndiye uliyeniambia kuwa mfumo wa DHIS2 usipoagizwa hauhifadhi sifuri. Nilivyokuja juu, hukunibishia. Ulichukua daftari ukaandika, ukaipeleka hoja kwa wenzako Dar. Nimewasimulia wauguzi wote hapa. Siku hiyo nilijua shule imekuingia.

Sasa ukiwa Oslo, hoja ya namna hiyo utaipata kwa nani? Kwenye skrini utaona pengo tu, hutamwona aliyeshika kalamu. Ukija likizo usiishie Dar. Njoo zahanati mwisho wa mwezi tunapojumlisha, ukae nasi mpaka ripoti iishe. Makala ukiiandika, tuletee kwa Kiswahili, hata kurasa mbili. Na programu endelea kuziandika kwa mkono wako, usiwaachie wengine ukabaki na nadharia. Msimamizi wako akiona unapoteza muda, mweleze kwa adabu, ila mweleze.

Ule chakula cha moto. Kanisani usiache.

Baba yako anasema hela ya mabati usitume mwezi huu, ulipie chumba kwanza. Mimi naomba utume nusu, jiko linavuja na vuli haitusubiri. Cheti chako cha kuzaliwa nimekitia kwenye bahasha ya plastiki. Mdogo wako atakuja nacho Ijumaa kwa basi la asubuhi, umpokee stendi ya Magufuli. Umpe nauli ya kurudia, na ile chaja uliyomwahidi.

Mama yako