Bunduki za marehemu wetu, polisi wazipokee mwaka mzima bila kututisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku kwetu Tabora linasemwa chinichini kwenye familia, tena likisemwa ni usiku baada ya matanga, wageni wakishaondoka. Ni hizi bunduki za zamani walizoacha wazee wetu. Mzee alikuwa na shotigani yake ya mitutu miwili au gobore la kufukuzia nguruwe pori na nyani shambani, kafariki, watoto mmoja yuko Dar, mwingine Mwanza, mwingine Mpanda huko, mama kabaki peke yake na lile chuma limefungwa kwenye shuka kuukuu juu ya dari na hakuna anayejua alifanye nini, yani kila mtu anaogopa hata kulitaja.

Mimi nasema hivi, hiyo bunduki isikae nyumbani, iende polisi mapema. Lakini na polisi nao watuwekee njia ya wazi ya mwaka mzima ambayo hata mama mjane wa kijijini Sikonge anaweza akaipita bila kuwaza kwamba leo atalala ndani.

Bunduki mkoani kwetu hazijaanza jana. Mirambo alipigana nazo, na mtemi Isike mwaka 1893 alipozidiwa na Wajerumani alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. 1916 Wabelgiji wakaja wakauchukua mji. Baadae kwenye miaka ya amani wazee wengi walikuwa nazo kihalali kabisa, walirina asali kule Ugalla, walilima tumbaku Urambo, wengine walikuwa watumishi wa serikali, na walikuwa na kitabu chao cha silaha kimepigwa mihuri. Sasa mwenye kitabu akishafariki ndio shida inapoanzia, maana watu wengi wanaamini kitabu kikiwepo basi mambo ni shwari na mtoto mkubwa anaweza akaendelea nayo tu kama baiskeli ya baba. Hapana jamani. Leseni ya silaha ni ya mtu mmoja, amepewa yeye baada ya yeye kuchunguzwa, akifa haimfuati mtoto wala mke. Anayetaka kubaki na ile silaha aombe leseni yake upya kwa jina lake, kuanzia serikali ya kijiji au mtaa, ikapite wilayani hadi kwa msajili wa silaha, na wakati anaomba silaha yenyewe ikae polisi sio chumbani kwake.

Nieleze ya baba mkwe ili watu waelewe kwanini nalisema hili kwa uchungu. Ilikuwa shotigani ya zamani sana, zile za nyundo mbili za nje, kitako kimeliwa na mchwa upande mmoja, kamba ya kubebea ni ya ngozi imekauka inavunjika ukiigusa. Nyundo ya kulia ilikuwa imevutwa nyuma imekaa hivyo hivyo. Sisi hatukuigusa, tuliiangalia tu pale darini tukashuka, lakini humo humo darini wajukuu walikuwa wanapanda kila siku kufuata mayai ya kuku. Askari wa silaha alipokuja akatutoa wote nje, akaifungua, mtutu wa kulia ulikuwa na risasi ndani, shaba ya kwenye kitako cha hiyo risasi imegeuka kijani kabisa. Miaka yote hiyo. Mama mkwe alikaa chini pale pale uani na hakuongea kitu mpaka jioni.

Kwaiyo kitu cha kwanza ninachowaomba wenzangu ni kwamba msiishike. Usiseme ni mbovu hii haiwezi kulia, usijaribu kuifungua kwa bisibisi, usimwite fundi wa pikipiki aje aiangalie, na usiijaribu shambani eti uone kama inafanya kazi, kuna mitutu ya kizamani imeoza kwa ndani na risasi ya kisasa ina nguvu kuliko ile iliyokusudiwa, inaweza ikapasukia usoni kwako. Na zile risasi za kwenye kopo la Kimbo, zile za makaratasi zilizovimba kwa unyevu, usizitupe kwenye moto na usizitupe chooni, nazo zinasalimishwa pamoja na bunduki.

Najua watu wanafanya nini badala yake maana nimeishi hapa. Wengine wanaifukia nyuma ya nyumba. Wengine wanaitupa kwenye lambo, ng'ombe wanakunywa hapo hapo na watoto wanaogelea, kiangazi maji yakikauka inaonekana. Wengine wanaikata vipande na kuuza kwa watu wa chuma chakavu, na hii ndio mbaya kuliko zote, kwa sababu mtutu ule hauendi kuyeyushwa, unaishia kwa fundi wa magobore na kesho yake unaingia Ugalla kuua wanyama, na Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, ukikamatwa mle sio mchezo. Alafu kuna wale wanaomuazima mjomba. Mjomba anakwenda nayo porini, anakamatwa nayo, anaulizwa umeitoa wapi, anataja nyumba ya marehemu. Mjane anafuatwa.

Na sheria haina huruma kwenye hili. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu akikutwa na silaha bila leseni mara nyingi anasomewa mashtaka ya uhujumu uchumi, ndio maana tunasikia wanakijiji wanafungwa miaka 20 kwa gobore moja. Mtu anasoma habari hiyo gazetini kwako Mhariri, alafu anaangalia darini kwake, unategemea atakwenda polisi kwa miguu yake?

Hapo ndipo kwenye kiini chenyewe. Woga huu una sababu. Watu wa huku hawajasahau Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, ilikuwa ya kupambana na majangili lakini malalamiko ya watu kupigwa na kuteswa yakajaa mpaka Bungeni, ikasitishwa mwezi uliofuata na Desemba mawaziri 4 wakaondoka. Mtu aliyemuona jirani yake anaburutwa kwa sababu ya bunduki, tena wengine wenye leseni, huyo ukimwambia peleka silaha kituoni anakuangalia tu. Na sisi wenyewe kituo cha kwanza tulichokwenda, sikitaji kwa sababu nia yangu sio kumchongea mtu, yule wa kaunta aliuliza mmeitoa wapi hiyo kwa sauti ya juu mpaka waliokaa kwenye benchi wakageuka wote. Mama mkwe akaanza kutetemeka, akataka turudi nyumbani tukaifukie. Tungekuwa hatuna mtu wa kutuelekeza twende ofisi ya silaha moja kwa moja, tungeifukia kweli.

Serikali imewahi kufanya vizuri sana kwenye hili na nawapongeza kwa dhati. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, mwanzo ilikuwa iishie 2020 ikasogezwa mpaka 2030, na kwetu mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha wa kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, unapeleka silaha polisi au kwa viongozi na hushtakiwi. Jambo jema hilo. Lakini kifo hakisubiri Septemba. Mzee akifariki Novemba familia ifanyeje, ikae na silaha isiyo na mwenyewe miezi kumi ikisubiri tangazo ambalo hata redio yao haina betri ya kulisikia? Na sisi ni mkoa ambao jirani zetu Kigoma wamepakana na Burundi na Kongo ng'ambo ya ziwa, silaha zinatembea, moja iliyokaa ovyo huku inapata mteja haraka sana.

Kwa hiyo wakati tunasubiri, nawaambia njia iliyotufaa sisi. Usibebe bunduki kwenda kituoni, usiifunge kwenye boda boda ndani ya gunia, ukisimamishwa njiani wewe ni mtu unayesafirisha silaha na maelezo yako hayatasikilizwa. Nenda mikono mitupu. Anza na mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, muende na cheti cha kifo na kitabu cha silaha kama kipo, kama hakipo semeni ukweli kwamba hakipo, muombe kuonana na mkuu wa kituo au polisi kata mwenyewe, sio kuongelea kaunta. Waje wao waichukue, na mwenyekiti awepo na ndugu wawili watatu wawepo waone. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo msimamizi aitaje ile bunduki kwenye orodha ya mali kama ilivyo, aseme imekabidhiwa polisi tarehe fulani, asiifiche na asimgawie mtu, maana kuna familia zimegombana miaka kwa sababu kaka mkubwa alidai bunduki ya baba ni haki yake.

Na msikubali kuondoka bila karatasi. Iandikwe aina ya silaha, namba iliyogongwa kwenye chuma (kama imefutika na kutu iandikwe imefutika), idadi ya risasi, jina la askari aliyepokea na muhuri. Karatasi hiyo ndio itakayomlinda mjane akija mtu mwaka kesho kuuliza silaha ya marehemu iko wapi, na wanakuja, 2016 wakati wa uhakiki wa silaha hata Rais Magufuli alihakiki za kwake, majina yapo kwenye kumbukumbu.

Wapo wanaoniambia kile ni kitu cha kale, ni historia ya ukoo, kuipeleka polisi ni kuitupa. Nawaelewa na inauma kweli. Ila Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ikisema kitu cha kale inazungumzia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, shotigani nyingi za wazee wetu ni za juzi juzi, na hata ingekuwa ya zamani kiasi gani, ikiwa inaweza kufyatua ni silaha. Pigeni picha, tunzeni nakala ya kitabu chake na ile picha yake amevaa koti amesimama nayo, hivyo ndio vya ukoo.

Ninachoomba kwa kamanda wa polisi wa mkoa wetu na Wizara ni vitu vinavyowezekana kabisa bila bajeti kubwa. Msamaha kwa silaha za marehemu uwe wa mwaka mzima na utamkwe hivyo wazi, marehemu alikuwa na leseni au hakuwa nayo, ili mradi familia imekuja yenyewe. Askari wa kaunta wafundishwe kumpokea anayesalimisha kwa faragha. Hati ya kupokea silaha itolewe hapo hapo bila mtu kuambiwa arudi wiki ijayo. Na tangazo liende kwenye redio zetu za hapa Tabora, misikitini, makanisani na kwenye vikao vya vyama vya msingi vya tumbaku, wakati wa masoko, kwa sababu huko ndiko wazee walipo na watoto wao wanakokuja. Watendaji wa vijiji nao waandikiwe waraka, wengi wao ukiwauliza habari hii wanakujibu mimi sitaki kujihusisha.

Ni mimi msomaji wako,
Ipuli, Tabora