Anayepanga kwenda kushuhudia rais akiapishwa aanze na katiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu hulipita kila unapofika msimu wa uchaguzi. Kurasa hujaa habari za wakuu wa nchi watakaohudhuria sherehe za kuapishwa kwa rais, msafara wa nani utatangulia na nani ataketi karibu na nani, lakini mwananchi aliyejiwekea akiba miezi mingi ili naye awepo siku hiyo haelezwi mambo mawili anayoyahitaji kuliko yote: lini hasa, na wapi hasa.

Nayasema haya kwa uchungu niliouonja mwenyewe. Mwaka 2017 nilikuwa nikiishi nje ya Kenya, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 11 Agosti, wakala mmoja wa usafiri alinihakikishia kwamba kiapo kingeliwa Jumanne ya tarehe 29. Nilikata tikiti ya ndege siku iyo hiyo, ile ya bei nafuu ambayo fedha zake hazirudishwi. Wakala hakuitunga tarehe ile. Kifungu cha 141 cha Katiba ya Kenya kinaelekeza kwamba rais mteule aapishwe Jumanne ya kwanza baada ya siku ya kumi na nne tangu matokeo kutangazwa. Ambalo hakuniambia, nami sikujishughulisha kulitafuta, ni kwamba maneno hayo yana sharti lake: iwapo hakuna aliyekwenda Mahakama ya Juu kuyapinga matokeo. Kesi ilifunguliwa, tarehe 1 Septemba matokeo yakafutwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na kiapo kikaja kuliwa tarehe 28 Novemba, wakati ambapo likizo yangu ilikuwa imekwisha kitambo na nauli ya pili sikuwa nayo.

Laiti ningekisoma kifungu kizima, ningejua pia kwamba kesi ikitupwa, kiapo huliwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi kutolewa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2013, mahakama ilipoamua tarehe 30 Machi na kiapo kikawa tarehe 9 Aprili. Na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, uamuzi ulipotoka tarehe 5 Septemba na kiapo kikafuata tarehe 13. Kwa kuwa kesi yenyewe hufunguliwa ndani ya siku saba na kuamuliwa ndani ya siku kumi na nne, mtu mwenye kalenda na kifungu kile mkononi anaweza kuzihesabu Jumanne zote zinazowezekana kabla hajatoa hata senti. Hesabu hiyo ingefaa ichapishwe gazetini siku matokeo yanapotangazwa, kando ya picha ya mshindi.

Kila nchi ina hesabu yake, na ndiyo maana ushauri wa kwamba tikiti ikatwe mapema ili ipatikane kwa bei rahisi unaweza kuwa mwema kwa nchi moja na hasara tupu kwa nyingine. Nigeria huapisha tarehe 29 Mei, Ghana tarehe 7 Januari, na Marekani saa sita mchana tarehe 20 Januari tangu katiba yake iliporekebishwa mwaka 1933. Huko mtu anaweza kupanga safari mwaka mzima kabla, ilimradi akumbuke kwamba tarehe 20 ikiangukia Jumapili, kama mwaka 2013, sherehe ya hadhara husogezwa hadi Jumatatu. Tanzania ni kinyume chake, kwani rais mteule hushika madaraka kabla ya siku saba kupita tangu kutangazwa. Afrika Kusini, ambako Bunge ndilo linalomchagua rais, humpa siku tano tu, na anayeishi mbali akingoja uhakika wa tarehe atajikuta hana muda wa kutafuta hata viza.

Suala la mahali ni gumu zaidi, kwa sababu mara nyingi sheria haitaji uwanja, na waandaaji hubadili wanapoona inafaa. Mwaka 2015 rais wa Tanzania aliapishwa katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam. Mwaka 2020 kiapo kilikuwa katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na aliyekuwa amezoea kwamba mambo makubwa ni Dar es Salaam ilimbidi afunge safari nyingine. Afrika Kusini mwaka 2019 iliihamisha sherehe kutoka Union Buildings, majengo ya serikali jijini Pretoria, hadi uwanja wa michezo wa Loftus Versfeld, kwa nia njema kabisa ya kuwapa watu wengi zaidi nafasi ya kuingia. Washington mwaka 2025 tangazo la kwamba kiapo kitaliwa ndani ya jengo la Capitol, ambamo Bunge la Marekani hukutana, kwa sababu ya baridi kali lilitoka siku tatu tu kabla, wakati watu wengi wenye tikiti za kusimama nje walikuwa wamekwisha lipia ndege na hoteli.

Kuhusu tikiti hizo za Washington, naomba lisemwe wazi, maana watu wetu wanaoishi huko huulizwa sana na ndugu zao: hutolewa bure na ofisi za wajumbe wa Seneti na Baraza la Wawakilishi kwa watu wa maeneo yao. Anayeuziwa ajiulize muuzaji ameipata wapi. Na hata iliyo halali haihakikishi kuingia. Mwaka 2009 maelfu ya wenye tikiti za rangi ya zambarau walielekezwa kwenye handaki la barabara lililo karibu na Capitol, wakasimama humo kwa saa nyingi, na kiapo kikaliwa wakiwa bado chini ya ardhi.

Mwaka 2022 nilipata tena nafasi, nikafika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kabla ya mapambazuko. Mbele yangu katika msongamano alisimama mama mmoja mtu mzima, mtandio ameufunga kiunoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kwa kuwa ukanda wake ulikuwa umekatika katika kusukumana. Aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, karatasi ya kuingilia inatolewa dirisha gani?" Nikamjibu, "Shikamoo, mama. Hakuna karatasi, anayewahi ndiye aingiaye." Alikuwa amesafiri usiku kucha, na lango lilikuwa limekwisha fungwa. Asubuhi ile makumi ya watu waliumia wakijaribu kupenya. Nilimsaidia mama yule kutoka nje ya msukumano tukatafuta pa kuketi, na kiapo tulikisikia kupitia redio ya simu ya kijana mmoja aliyekuwa karibu.

Neno moja la gazetini siku mbili kabla lingemtosha: kwamba hakuna karatasi, kwamba uwanja una nafasi kiasi fulani na hujaa kabla ya jua kuchomoza, kwamba mtu mzima asiyeweza kusimama kwa muda wa saa nane ni afadhali atafute mahali penye skrini kubwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba uchaguzi wowote wa urais ujao mtakaouandika, mwandishi mmoja apewe kazi ya kumtafutia msomaji wa kawaida majibu haya: tarehe kwa mujibu wa katiba pamoja na sharti zake zote, uwanja uliothibitishwa na waandaaji wenyewe, saa ya kufunguliwa na kufungwa kwa malango, vitu visivyoruhusiwa kuingizwa, na mahali atakapokwenda aliyekosa nafasi. Yachapishwe mara matokeo yatakapotangazwa, na yachapishwe upya kila yanapobadilika.

Wenu,
Msomaji wenu wa siku nyingi