YAH: WAYA ULIOUNGUA KWENYE LAND CRUISER YANGU NA MAJIBU YA MENEJA WENU WA HUDUMA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

"Mwambie mwenye gari aje." Hayo ndiyo majibu niliyopewa kaunta ya gereji yenu Jumatatu asubuhi, mbele ya wateja watatu na dereva wangu, wakati kadi ya gari yenye jina langu iko mezani pamoja na ankara yenu. Nilikuwa nimeweka hapo kipande cha waya kilichoungua, urefu wa kiganja. Meneja wenu wa huduma alikigeuza kwa ncha ya kalamu, akaniambia, "Dada yangu, mambo ya porini waachie wanaume," kisha akakisukuma kikadondoka kwenye ndoo ya taka.

Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe yote.

Ankara yenu ya kunifungia betri ya pili, ya kuendesha friji la safari, inasema: waya wa shaba wa milimita za mraba 25 kutoka betri ya mbele hadi betri ya pili nyuma ya kiti, fyuzi 2 za ampea 100, moja kila upande, na rilei, yaani swichi ya umeme inayojiendesha, inayounganisha betri zikifika volti 13.3 na kuzitenganisha zikishuka chini ya 12.8. Nimelipia hivyo vyote. Tulipofunua kapeti tulikuta waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa kufungia soketi za nyumbani, umeungwa katikati kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Fyuzi hakuna, si mbele wala nyuma.

Hesabu yake mnaijua, lakini naiandika asije mtu akasema tena mwenye gari haelewi. Waya wa 2.5 una ukinzani wa takriban miliomu 7 kwa kila mita. Kutoka mbele hadi nyuma ni mita 5, yaani miliomu 35. Betri ikivuta ampea 30, volti moja nzima inapotelea njiani, kabla hujahesabu kile kiungo cha kusokota na eathi iliyofungwa juu ya rangi isiyopitisha umeme. Kwa waya wa 25 ingepotea sehemu moja ya kumi ya volti. Ndiyo maana injini ikiwaka mita ilisoma 14.1 mbele na 12.9 nyuma. Betri ya pili, ya AGM (aina iliyozibwa) ya 100Ah, haijai kwa 12.9 hata ukiendesha kutwa. Friji la lita 50 linavuta ampea 4 hadi 5 kompresa ikifanya kazi, kwa hiyo usiku wa pili linazima na nyama inaoza.

Nyama ningesamehe. Moto sisamehi. Fundi wenu ametoboa ukuta kati ya injini na kabini kwa drili, akapitisha waya kwenye bati tupu bila kipete cha mpira. Ukingo wa tundu la drili ni wembe. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Engare Sero ni mawimbi kama bati la paa, na kila wimbi ni msumeno kwenye plastiki ya waya. Shaba ikigusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampea, na pasipo fyuzi waya wenyewe unageuka kuwa kaa la moto chini ya kapeti. Fyuzi inatakiwa iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri, na iwe pande zote mbili kwa sababu betri zote mbili zinaweza kulisha hitilafu hiyo hiyo. Mbele kidogo ya Engaruka moshi ulitoka chini ya kiti cha abiria. Dereva alichomoa terminali kwa spana namba 10. Nyuma ya kiti hicho kulikuwa na jerikeni 2 za dizeli na mtungi wa gesi wa kilo 6. Kilichotuokoa ni kwamba waya ulikatikia pale pale kwenye kiungo cha kusokota. Kazi ya mkono wenu haikutuokoa.

Na siku ya kukabidhiwa gari niliuliza fyuzi iko wapi. Nikajibiwa, "Iko ndani."

Keria ya paa mliandika ina miguu 6 ya kuishikilia, ikafungwa kwa miguu 4. Hema la juu ya paa lina kilo 62 likiwa kavu, na uzito huo kwenye barabara mbovu haukai kilo 62, unapiga nyundo. Nati ni za kawaida, si zile zenye nailoni, na zilikuwa zimelegea tayari tulipofika Mto wa Mbu. Mfereji wa pembeni mwa paa umepasuka chini ya mguu wa nyuma kushoto. Springi za nyuma mlizosema ni seti mpya ya kubeba kilo 300 za kudumu ni zile zile za zamani zilizoongezewa jani moja lenye kutu.

Snokeli nayo, lile bomba la kuvutia hewa ya injini juu ya maji: injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wake kwa kiganja. Injini inatakiwa ikohoe na kutaka kuzima. Yangu iliendelea kuunguruma kama kawaida, maana inavuta hewa ndani ya fenda ambako kiungo hakina klipu. Gari hilo likiingia mtoni hadi usawa wa taa, maji yanafika kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabaniki, konrodi, ule mkono unaosukuma pistoni, inapinda.

Narudi Jumatatu, kwa sababu sijamaliza. Sikupaza sauti. Nilisema, "Naomba kumwona fundi umeme aliyefanya kazi hii." Meneja hakuangalia ankara. Hakuangalia kadi. Alimtazama dereva wangu na kumuuliza yeye, "Bosi wako yuko wapi?" Dereva akanionyesha mimi. Hapo ndipo meneja alipocheka, akasema mwambie mwenye gari aje, na kalamu yake ikasukuma ule waya kwenye ndoo. Kijana wenu mwanafunzi ndiye aliyeinama akauokota, akaufuta majani ya chai, akanipa kwa mikono miwili. Kijana huyo asiguswe wala asifukuzwe kazi kwa sababu ya barua hii.

Dhamana yenu ya miezi 6 mnaijua. Nilipoanza kuandika nilitaka mrudie kazi ya umeme tu, kwa gharama zenu, mbele ya fundi nitakayemchagua mimi. Sasa sitaki mikono yenu kwenye gari langu. Nataka Sh 2,300,000 za umeme zirudishwe zote, pamoja na fedha za keria, springi na snokeli, na gharama ya kunyoosha na kuchomelea paa. Nataka meneja aniombe radhi kwa maandishi, na aisome kaunta pale pale aliponidharau.

Tena nataka muwaite wateja wote ambao magari yao yalifungwa betri ya pili na fundi huyo. Kuna watu wanalala juu ya magari hayo na watoto wao, na hawajui kilicho chini ya kapeti.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitakwenda Tume ya Ushindani, na kutoka hapo mahakamani. Nina ankara, risiti ya EFD, picha za kila tundu na kila kiungo, na mashahidi wanne waliosikia. Kile kipande cha waya nimekitia kwenye bahasha na kimekabidhiwa kwa mwanasheria.

Wenu,
Mwenye gari

Nakala: Mwanasheria wangu