Akiba ya Chongoleani iwekwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Wakati huu ambapo matangi ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, yanaonekana hapa kwetu Chongoleani hata na wavuvi walio ndani ya ngalawa, ningependa madiwani wa Jiji la Tanga wazitazame habari za hayati Peter Lougheed, mwanasheria aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Alberta nchini Kanada.

Mwaka 1965 alikabidhiwa chama ambacho hakikuwa na hata kiti kimoja katika bunge la jimbo. Mwaka 1971 kikakiangusha chama cha Social Credit, kilichotawala tangu 1935.

Lougheed alishikilia kwamba mafuta ni mali ya wananchi wa Alberta, na kwamba kampuni zinazochimba hazina budi kuwalipa mrabaha wa haki. Mwaka 1976 serikali yake ilianzisha mfuko wa akiba, ukawa unawekewa asilimia 30 ya mapato ya jimbo yatokanayo na mafuta na gesi, kwa kuwa visima hukauka. Serikali kuu ya Pierre Trudeau ilipotangaza mwaka 1980 sera ya nishati iliyobana mapato hayo, alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba uzalishaji utapunguzwa kwa awamu, ila hatua hiyo itasitishwa iwapo Wakanada wengine watapungukiwa mafuta. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana alidai haki ya watu wake bila kuwaumiza wenzao, na Septemba 1981 pande zote mbili zikapatana.

Aling'atuka mwaka 1985 akarejea kwenye uwakili. Miaka miwili tu baadaye jimbo likaacha kutenga fungu lile, jambo linalonisikitisha sana.

Mafuta yatakayofika kwetu ni ya Uganda, lakini ardhi na bahari ni vyetu. Wazee wa hapa waliuona mkonge ukistawi miaka ya 1960, kisha bei ikaporomoka na vibarua wengi wakakosa kazi. Kwa hiyo nawaomba madiwani watunge sheria ndogo ya kutenga sehemu ya ushuru wa huduma utakaotokana na bomba, kwa ajili ya mafunzo ya ufundi kwa vijana na zana za wavuvi, fungu hilo lisiguswe kwa matumizi mengine, na hesabu zake zibandikwe kila mwaka kwenye ubao wa matangazo wa kila kata.

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga