Risala ya Wahudumu wa Wanyama wa Maabara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakufunzi wetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutufungia mafunzo. Katika mengi tuliyojifunza, tumechagua kukueleza moja: glukosi, yaani sukari ya damu, na joto la mwili wa kipanya wa maabara.

Mheshimiwa, kipanya wa gramu 25 hupoteza joto upesi mno. Yeye hustarehe kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Chumba cha nyuzi 22, ambacho sisi wenye makoti tunakisifu, kwake ni baridi. Huchoma chakula mchana na usiku ili abaki karibu na nyuzi 37. Jiko lake ni mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega, na kuni zake ni mafuta na glukosi.

Hapo ndipo kipimo cha uvumilivu wa glukosi, yaani cha kuona mwili unavyoishusha sukari uliyopewa, kinapoharibika. Kipanya akinyimwa chakula usiku kucha, akiba ya sukari kwenye ini huisha. Huweza basi kuzima jiko makusudi: joto hushuka chini ya nyuzi 31, anajikunja, hatikisiki. Asiyejua humdhani maiti. Ukimkata ncha ya mkia, damu inatoka kwa shida, maana mishipa imejibana. Kwa hiyo chakula kiondolewe asubuhi kwa muda wa saa 6 tu, maji yabaki. Kisha adungwe tumboni glukosi gramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kipanya huyu ni mililita 0.25 za myeyusho wa asilimia 20, uliopashwa moto kiasi. Damu ipimwe dakika ya 0, 15, 30, 60 na 120.

Insulini, homoni ya kushusha sukari, ikizidi, sukari inashuka na joto linaifuata. Dawa ya 2-deoksiglukosi inachanganya zaidi: glukometa, kifaa cha kupimia sukari ya damu, inaonyesha sukari juu, ilhali mnyama anapoa, kwa kuwa seli zimezuiwa kuitumia sukari hiyo. Anayepima damu peke yake hataliona hilo.

Kipimajoto nacho kina hila zake. Kumshika tu kipanya kunampandisha joto, hivyo kipimo kichukuliwe haraka, saa ileile kila siku.

Mheshimiwa, tunaomba kabati la kutunzia wanyama kwenye nyuzi 30 na vipimajoto vya kupandikizwa mwilini. Fungu likiwa dogo, tuanzie karatasi laini za kujengea viota. Hizo ni bei nafuu, na vipanya watazitumia usiku huohuo.

Tunaomba kuwasilisha.