Barua kwa Mwanangu Zaina: Moshi Juu ya Maji

Mwanangu Zaina,

Assalaam alaykum. Huku Tanga sote wazima. Mama yako anakusalimu, na bibi yako ameshauliza mara tatu kama unakula vizuri huko Dodoma. Kifurushi chako nitakipeleka stendi Alhamisi asubuhi, basi likiondoka nitakutumia namba yake.

Wimbo wako nimeusikiliza. Mara ya kwanza niliusikilizia dukani kwenye simu, bodaboda zinapita mlangoni, nikaona siutendei haki. Usiku, baada ya kufunga, nikauunganisha na spika ile kubwa ninayojaribia amplifaya za watu, nikakaa kwenye stuli nikausikiliza mara nne. Sauti yako imekomaa. Gitaa umelipiga kwa utulivu ambao mimi kwa umri wako sikuwa nao hata robo. Ila maneno, mama, hayakuniingia, na tangu ukiwa mdogo tuliahidiana kwamba kwenye muziki hatutadanganyana. Umeimba kasri, umeimba theluji, umeimba mpenzi aliyekuacha ufukweni. Nilipokuuliza kwa simu ukaniambia, "Baba, maisha yangu hayana cha kuimba, mimi nasoma na kulala tu."

Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu lake ni refu. Leo mvua inanyesha, wateja hakuna, nina muda.

Unakijua kile kipande cha gitaa nilichokufundisha kabla ya kingine chochote, ulipokuwa darasa la nne. Nacho nilikipata mwaka 1986, baba yako mdogo Salim aliporudi kutoka safari za meli na kaseti moja isiyo na jalada. Wakati huo nilikuwa na gitaa la kuazima lililobakiwa na nyuzi nne. Nyimbo nyingi zilinishinda kwa ajili hiyo. Wimbo ule ulihitaji nyuzi mbili tu, ya tatu na ya nne. Ziache wazi, kisha zibonye chumba cha tatu kwenye shingo ya gitaa, kisha cha tano. Rudi wazi, cha tatu, cha sita, cha tano. Wazi tena, cha tatu, cha tano, shuka cha tatu, malizia wazi. Mapigo 12. Nilikesha nalo hadi babu yako akanigongea ukuta.

Wimbo wenyewe unaitwa "Smoke on the Water", yaani moshi juu ya maji, na wenyewe ni Deep Purple, bendi ya Waingereza. Kwa miaka mingi niliupiga bila kujua unasema nini. Nilidhani ni mafumbo. Siku nilipoelezwa maneno yake na mtu anayejua Kiingereza vizuri nilibaki mdomo wazi, kwa sababu hamna fumbo hata moja mle ndani. Ni taarifa. Wanasema tulikwenda mahali fulani, likatokea hili, fulani akafanya hivi, tukahamia pale.

Sikiliza ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Desemba 1971 vijana watano walifika Montreux, mji mdogo wa Uswisi ulio kando ya Ziwa Geneva: Ritchie Blackmore wa gitaa, Ian Gillan mwimbaji, Roger Glover wa besi, Jon Lord wa kinanda na Ian Paice wa dramu. Walitaka kurekodi albamu, lakini hawakutaka studio ya kawaida yenye kuta zinazomeza sauti. Walitaka iwe kama wako jukwaani. Kwa hiyo wakakodi lori lililofungwa mitambo ya kurekodia, mali ya Rolling Stones, bendi nyingine ya Waingereza, wakapanga kuliegesha nje ya jumba la kasino la mji ule na kupigia muziki wao ndani ya ukumbi. Kasino ilikuwa inakaribia kufungwa kwa majira ya baridi. Lilibaki onyesho moja tu la Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, na bendi yake, halafu ukumbi ungekuwa wao.

Tarehe 4 Desemba wakaenda kumtazama Zappa. Katikati ya muziki, mpiga kinanda akiwa kwenye zamu yake, mtu mmoja kati ya watazamaji akafyatua bastola ya fataki kuelekea juu, ile ambayo mabaharia huifyatua angani wakiomba msaada. Salim aliwahi kuishika mojawapo melini, akaniambia moto wake si wa kuchezea. Na dari la ukumbi lilipambwa kwa henzirani kavu. Zappa alisimamisha muziki, akawaambia watu watoke taratibu bila kukanyagana. Wapo walioshindwa kufika mlangoni, wakatokea madirishani. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux na ndiye mwenyeji wao, alikuwa akiingia na kutoka akiwavuta vijana waliokwama. Jumba zima liliteketea na vyombo vyote vya Zappa vikaishia humo, lakini hakufa mtu. Kila nikifikiria ukumbi uliojaa vijana na dari la henzirani, nashukuru kwa niaba ya wazazi wao. (Zappa mwenyewe mwezi ule haukuwa wake. Siku sita baadaye, London, mtu alimsukuma kutoka jukwaani, akaumia vibaya, na ilimchukua muda mrefu sana kupona.)

Deep Purple walikimbilia hotelini. Kutoka pale wakalitazama jengo likiungua na upepo wa mlimani ukiusukuma moshi, ukatanda juu ya ziwa. Hebu fikiria hali yao, Zaina. Lori wamelikodi, siku zinahesabika, na ukumbi wao ndio ule unaogeuka jivu.

Nobs akawahangaikia ukumbi mwingine, jumba la maonyesho liitwalo Pavillon, katikati ya mji. Wakaanza kupiga usiku. Blackmore alikuwa na kile kipande, Paice akakifuata kwa dramu, wimbo hauna jina wala maneno, ni muziki mtupu. Majirani wakashindwa kulala, polisi wakaja. Watu wa mitambo wakaishikilia milango kwa ndani ili bendi imalize kurekodi kabla askari hawajaingia. Walimaliza. Ila ndiyo ikawa mwisho wao pale, wakafukuzwa.

Safari ya tatu wakaishia kwenye hoteli kubwa ya zamani pembezoni mwa mji, iliyofungwa kwa ajili ya baridi. Wakapanga vyombo ukumbini na kwenye korido, wakasimamisha magodoro ili sauti isitawanyike ovyo, lori likaegeshwa nje. Ili mtu aende kwenye lori kusikiliza walichorekodi, ilibidi apite vyumbani, apitie roshani, azunguke kwenye baridi. Ikafika mahali wakaacha kabisa kwenda kusikiliza. Walipiga mpaka roho zao zikaridhika, basi. Mimi fundi wa vyombo nakwambia, ile sauti nzito unayoisikia kwenye albamu hainunuliwi dukani. Ni korido ile, na watu watano waliochoka kuhamishwa.

Albamu ilipokaribia kukamilika wakagundua haijatosha, umepungua wimbo mmoja. Ndipo wakaukumbuka ule muziki wa usiku wa polisi. Maneno yake yangetoka wapi? Glover alikuwa ameamka asubuhi moja, siku chache baada ya moto, kinywani mwake mna maneno yale: moshi juu ya maji. Hapo mwanzo walisita kuyatumia, wakahofia watu watadhani ni wimbo wa madawa ya kulevya. Sasa yeye na Gillan wakakaa, wakaandika yale waliyoyaona wiki ile. Wakautaja mji. Wakamtaja Zappa. Wakamtaja Claude, jinsi alivyokuwa akikimbia huku na huko. Wakaitaja bastola, hoteli tupu yenye baridi, hata lori la Rolling Stones limo. Hawakuongeza huzuni, hawakutia nakshi. Nyumba imeungua, sisi tulikuwepo, hivi ndivyo tulivyomaliza kazi.

Na wala hawakujua wana nini mikononi. Albamu yao, "Machine Head", ilitoka Machi 1972, na wimbo walioutanguliza redioni ulikuwa mwingine kabisa. Ni mwaka uliofuata ndipo "Smoke on the Water" ulipotolewa peke yake Marekani, ukapanda hadi namba 4.

Kuhusu kile kipande, kuna kitu sikukufundisha vizuri, nataka nikisahihishe. Nilikuonyesha kukwaruza nyuzi zote mbili kwa kiplastiki, na ndivyo wanafunzi wengi wanavyofanya. Blackmore hakwaruzi. Anazichomoa nyuzi mbili kwa vidole, kwa wakati mmoja, zinalia pamoja kama watu wawili wanaotamka neno moja. Jaribu leo jioni, utasikia tofauti. Kisha sikiliza wanavyoingia mmoja mmoja: gitaa peke yake, halafu upatu mdogo wa dramu unaanza kunong'ona, kinanda cha Lord kinajiunga kikipitia amplifaya ya gitaa hadi kinanguruma, dramu zote, na mwisho kabisa besi. Hakuna anayeharakisha. Wapo wanaokidharau kipande hiki kwa sababu ni chepesi. Blackmore mwenyewe amewahi kukilinganisha na mwanzo wa simfoni ya tano ya Beethoven, noti nne zinazojulikana dunia nzima, na mimi namuunga mkono.

Wimbo umefika mbali. Mwaka 2007 huko Kansas City, Marekani, wapiga gitaa zaidi ya 1,600 walikusanyika wakaupiga kwa pamoja. Lakini hilo halinigusi kama la Armenia. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko la ardhi liliangusha miji kule, watu zaidi ya 25,000 wakafa. Mwaka uliofuata wanamuziki wa roki wa Uingereza walikutana London kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha za wahanga. Alikuwepo Gillan, akaja Blackmore, akaja Brian May wa Queen na David Gilmour wa Pink Floyd. Katika nyimbo zote walizokuwa nazo walichagua huu, wimbo wa jengo lililoungua na watu waliotafuta pa kwenda. Gillan hakuishia hapo. Miaka mingi baadaye, yeye na Tony Iommi wa Black Sabbath walitoa kazi nyingine kuchangia shule ya muziki katika mji wa Gyumri, mmoja wa miji iliyobomoka.

Na kasino yenyewe ilijengwa upya ikafunguliwa mwaka 1975, ikawekwa na studio ndani yake. Baadaye Queen waliinunua studio hiyo. Kwa hiyo pale pale palipoungua ndipo Freddie Mercury, mwimbaji wao na mzaliwa wa Unguja, alipokuja kurekodi hadi karibu na kifo chake. Sanamu yake imesimama ukingoni mwa ziwa lile, mkono mmoja juu. Kandokando ya ziwa hilo hilo kuna pia kumbukumbu ya Deep Purple, jina la wimbo na noti za gitaa vimetengenezwa kwa chuma. Nikijaliwa pasipoti na nauli, nataka nikasimame hapo katikati, kati ya noti zile na mtoto wa Unguja.

Sasa turudi kwako. Mwezi uliopita ulinipigia simu ukanisimulia basi lenu lilivyoharibikia njiani, mkalala Gairo. Ulizungumza karibu dakika 40, na mama yako alisogeza kiti akasikiliza. Ulinieleza kondakta aliyelala chini ya basi na tochi mdomoni. Ulinieleza yule bibi aliyefungua ndoo ya maandazi ya harusi ya mjukuu wake akawagawia watoto, moja moja, akihesabu kwa sauti huku anasikitika yanavyopungua. Ukanieleza baridi, na mwanajeshi aliyeimba kaswida kwa sauti ndogo mpaka abiria wa nyuma wakaitikia. Ulikuwa unacheka, halafu ukanyamaza, ukasema bibi alishuka Morogoro na ndoo tupu.

Hakuna theluji hapo, Zaina. Mimi simu ilipokatika sikulala mapema.

Niandikie hiyo. Taja Gairo kwa jina lake. Usimfanye bibi malaika, mwache ahesabu maandazi yake. Kama hujui kinachofuata, weka kilichofuata.

Ndani ya kifurushi kuna seti mbili za nyuzi, mpya. Ya tatu ndiyo inayokukatikia kila mara, kwa hiyo nimeongeza moja ya akiba, nimeifunga kwenye karatasi ya gazeti peke yake. Ukishaibadilisha usiikaze yote siku hiyo hiyo; ivute kidogo, iache ilale, asubuhi uirudie. Mama yako naye ametia kashata. Bibi anasema zisiwe za wenzako wote.

Wimbo ukiwa tayari usinitumie. Subiri likizo, uje uniimbie hapa dukani, nitafunga mlango.

Baba yako