Kabla Hujashika Msasa: Mikwaruzo ya Fanicha za Vinia na Bei Zetu

Lalamiko hili hurudi kila mara, na maneno yake huwa yale yale: "Fundi, ni mkwaruzo mmoja tu, mbona unanipigia bei ya meza nzima?" Juzi limerudi kwa ukali zaidi. Mteja alituletea meza ya chumba cha kulia, akasikia bei, akaondoka akisema tunawaona watu wajinga. Hatukutaka kubishana mbele ya wateja wengine. Tunajibu hapa, maana wenye meza kama yake ni wengi.

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mfupi, wa ufunguo. Huo tungeumaliza siku hiyo hiyo, kwa bei ambayo hata yeye asingebishana nayo. Lakini hakutuletea mkwaruzo. Alikuwa ameshaushughulikia kwa msasa namba 80, ule wa kukwangulia rangi ya zamani, na katikati ya meza palikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa kiganja. Lile doa halikuwa uchafu. Ilikuwa emdiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya chini inachungulia. Vinia ilikuwa imekwisha.

Vinia ni mbao halisi, ila imekatwa nyembamba sana na kubandikwa kwa gundi juu ya plaiwudi, chipubodi au emdiefu. Za viwandani siku hizi huwa na unene wa takriban nusu milimita, yaani nyembamba kuliko kadi ya benki. Fanicha za zamani, zile ambazo vinia yake ilipasuliwa kwa msumeno, zinaweza kuzidi milimita moja, na hizo huvumilia kidogo. Sasa toa kiasi ambacho kiwanda kilishakisugua kabla ya kupiga laka, yaani vanishi ngumu ya kumalizia. Kilichobaki ndicho hicho unachokiendea na msasa. Kwenye mbao nzima unasugua mpaka mkwaruzo uishe, unapiga vanishi, umemaliza. Kwenye vinia, vinia yenyewe inaweza kuisha kabla ya mkwaruzo. Na ukitumia mashine ya msasa, pembeni mwa meza hutajua hata imetoboka saa ngapi.

Kama hujui fanicha yako ni ya aina gani, chungulia ukingoni na chini. Mbao nzima huonyesha nyuzi zikiendelea kutoka juu hadi kwenye kichwa cha ubao. Vinia huonyesha mstari mwembamba wa tabaka, au utepe uliobandikwa kuziba ukingo. Na kama michoro ya mbao inajirudia ile ile kila baada ya hatua fulani, hiyo wala si mbao, ni karatasi iliyochapwa. Hapo usituulize habari za kupaka rangi ya mbao, haitakunywa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mikwaruzo mingi haijagusa mbao kabisa. Imeishia kwenye vanishi. Kuna kipimo cha bure ambacho mafundi wote tunakitumia: lowesha ncha ya kidole, pitisha juu ya mkwaruzo, tazama. Ukipotea ukiwa na unyevu, uko kwenye vanishi tu. Ukibaki mweupe au mwekundu kuliko sehemu nyingine, rangi ya mbao imetoka. Kisha pitisha kucha kwa kukata mkwaruzo. Kucha ikikwama, kuna shimo la kujazwa. (Alama nyeupe za duara za vikombe si mikwaruzo. Huo ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na mara nyingi hauhitaji kusuguliwa hata kidogo.)

Mkwaruzo wa kwenye vanishi unaweza kuushughulikia mwenyewe, na hatutakasirika. Futa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, uache pakauke vizuri. Paka nta ya fanicha kwa kufuata nyuzi, acha ishike, ng'arisha kwa kitambaa safi. Mkwaruzo hautakuwa umeondoka, lakini jicho litaupita.

Rangi ikiwa imetoka, tumia kalamu ya kurekebishia fanicha, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Chagua rangi iliyofifia kuliko unavyodhani. Nyuzi zilizochanika hunywa rangi zaidi ya nyuzi nzima, kwa hiyo rangi inayoonekana sawa kwenye kifuniko cha kalamu itatoa mstari mweusi kwenye meza. Mama mmoja alituletea kabati ambalo mkwaruzo wake ulikuwa hauonekani mpaka ukiinama. Baada ya kalamu, ulionekana kutoka mlangoni. Weka rangi ndani ya mkwaruzo tu, futa ya ziada papo hapo, subiri, kisha uongeze kama bado inahitajika. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi yetu.

Shimo dogo hujazwa kwa nta ya kijiti. Nta laini unaisukumia ndani kwa mkono na kukwangua ya juu kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu. Ila ikumbuke iwe hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Nta ngumu ya kuyeyusha hudumu zaidi mezani, lakini inataka mkono uliozoea.

Sasa njia za mkato.

Polishi ya viatu kwanza, kwa kuwa ndiyo maarufu. Inaficha kwa muda, kisha inashika vumbi, inahamia kwenye kitambaa cha meza, na nasi lazima tuiondoe yote kabla ya kupiga chochote.

Dawa za kupuliza za kung'arisha ni mbaya zaidi, hasa zenye silikoni. Silikoni inaingia kwenye kila ufa, na tukija kupiga laka mpya, laka inaikimbia na kuacha vishimo vya duara. Tuliwahi kusafisha kabati la vitabu tena na tena, na bado vishimo vikarudi. Mwenyewe alikuwa akilipuliza dawa kila Jumamosi kwa mapenzi.

Gundi ya haraka inaacha kidonda chenye weusi unaong'aa. Pasi na kitambaa chenye maji, mbinu nzuri ya kuinua palipobonyea kwenye mbao nzima, kwenye vinia inaweza kulegeza gundi na kuinua malengelenge, hasa fanicha ya zamani iliyobandikwa kwa gundi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama. Spiriti nayo inayeyusha shelaki, vanishi ya asili iliyo kwenye fanicha nyingi za zamani. Kuna mzee alifuta kistuli cha urithi kwa spiriti "kutoa uchafu", akafuta na mng'aro wote. Jaribu tone moja mahali pa kujificha kwanza. Na sufi ya chuma yenye maji isiguse mwaloni: chembe za chuma zikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao hiyo, zinaacha madoa meusi.

Tukirudi kwenye bei. Vinia ikishatoboka, vanishi haiirudishi. Zipo njia chache. Tunaweza kuchora nyuzi kwa brashi nyembamba, rangi juu ya rangi, na kufunika kwa laka. Tunaweza kuweka kiraka cha vinia, kilichokatwa kwa umbo lililochongoka ncha mbili, kwa sababu mstari unaokata nyuzi kwa mraba huonekana daima. Au tunabandika vinia mpya juu nzima. Kila njia inataka vinia inayofanana, na mbao hubadilika kwa mwanga: cheri hukoza, walnuti hufifia. Kipande kipya hakifanani na meza iliyokaa dirishani kwa miaka, kwa hiyo rangi inachanganywa, inajaribiwa, inakauka, inachanganywa tena.

Na kwa nini laka meza nzima? Kwa sababu laka ikipigwa sehemu moja katikati, mng'aro wake hutofautiana na wa pembeni. Chini ya taa ya darini huoni. Fungua pazia asubuhi, mwanga upite kwa ubavu, kiraka kinajitangaza. Tunaposema "juu nzima, ukingo hadi ukingo", hatutafuti kazi ya ziada. Anayekutajia nusu ya bei yetu atakupigia sehemu hiyo moja, na wengine wao tumeshazirudia kazi zao hapa hapa.

Ukitaka makisio kabla ya kubeba fanicha, tutumie picha tatu: moja ya juu yote, moja ya mkwaruzo ikipigwa karibu na dirisha mwanga ukitoka ubavuni, na moja ya ukingo. Na kama umeshapaka kitu, kitaje. Polishi, nta, dawa ya kupuliza, hata mafuta ya nazi. Hatuulizi ili tukucheke. Kila kimoja kina namna yake ya kuondolewa, na muda tunaoutumia kukibahatisha ndio unaoingia kwenye bei yako.